Salamu za Kijana wa Tabora

Ibra,
Jumatano asubuhi

Dada yangu mpenzi Bi Mwanaidi,

Shikamoo. Naitanguliza shikamoo kabla ya neno jingine lolote, maana ukishaisoma barua hii mpaka mwisho sijui kama utaniitikia. Miguu yako inaendeleaje? Na kile kikohozi cha masika kimekuachia, au bado kinakuamsha? Sisi huku Ibra, bara ya Maskati, tuko wazima. Mimi ni mzima ila magoti. Binti yangu Raya mzima. Na Khalfan, mwanao, ni mzima. Alfajiri ya leo amekunywa chai hapa kwangu, amekula chapati mbili, akalalamika kuwa tangawizi ni haba, kisha akaenda kuchukua basi lake. Nakueleza yote hayo kwa sababu barua hii inamhusu yeye, na nataka ujue kuwa nilipoanza kuiandika, saa mbili asubuhi, mwanao alikuwa hajapatwa na kitu.

Nimejaribu kukupigia simu mara tatu kwa yule jirani yako, inaita tu. Basi naandika hapa hapa kazini, kwenye meza ya ghala, maboksi ya pamba na bandeji yamenizunguka. Kuna mtu anasafiri Ijumaa, ameahidi kukufikishia mkononi.

Huku hakuna anayejua kuwa mdogo wako aliwahi kuwa mtu. Kwao mimi ni karani wa ghala, mzee mwembamba anayetia sahihi maboksi. Wewe ndiye unayekumbuka. Ulinishonea suruali ya bugaluu ya kwanza kwa pazia la sebuleni, mama akatupiga sote wawili. Nikavaa raizoni, vile viatu vya soli nene, nikafuga nywele zikawa kichaka, nikapanda treni kutoka Tabora kwenda Dar kutafuta kazi redioni, na mtaa mzima ukasema mtoto wa Mwarabu wa duka amerukwa na akili. Kisha Jumamosi moja jioni wakaisikia sauti yangu. Saa nzima, nusu muziki wa soul, nusu salamu. Naweka sahani, nauacha wimbo uanze kulia, halafu juu ya gitaa nasoma kadi za wasikilizaji kwa ile sauti yangu ya chini, ambayo mama alisema ni ya mtu mwenye mafua. Kila mkoa uliniandikia. Na wewe ukija kunitembelea ulikaa sakafuni na gunia la kadi, unazichambua, unacheka majina ambayo watu walijipa. Hakuna aliyetuma salamu kwa jina lake. Mwalimu mkuu alikuwa Simba Asiyenguruma. Polisi alikuwa Kipenzi cha Mama. Na wasichana wa nyumba zetu, ambao baba zao wangewavunja mkono kwa kuandika redioni, walijipa majina ya kiume.

Mmoja wao alikuwa Kijana wa Tabora. Wewe ndiye uliyeigundua siri yake, maana nyuma ya kila kadi, pembeni kabisa, aliandika kwa herufi ndogo jina lake la kweli: Asha. Nilizisoma kadi zake miaka miwili kabla sijamwona uso nikamwoa. Siku zote aliomba wimbo mmoja tu. Sasa Asha amelala Nizwa, mwaka wa sita huu, na tangu nimzike sikuwahi kuuweka wimbo ule hata mara moja, mpaka harusi nitakayokueleza.

Siku za mapumziko nafanya kazi ninayoijua. Nina amplifaya, spika nne na deki mbili za kaseti, na familia zetu zilizotoka Afrika zikiwa na harusi huniita. Nakaa peke yangu ndani ya kihema kidogo, katikati ya wanaume na wanawake, pazia zito nyuma yangu. Simwoni mtu. Wanawake wanapitisha vikaratasi vya salamu chini ya pazia, nami navisoma katikati ya nyimbo kama zamani. Mambo haya yanapendwa mno. Bibi wa miaka sabini anataka alisikie jina lake kwenye spika kabla hajafa, na mimi, unanijua, sifa ni ugonjwa wangu, nalisoma mara mbili.

Lakini wenyeji wa huku hawataji jina la mwanamke mbele ya wanaume. Mtu anaweza kukaa na rafiki yake miaka ishirini asijue mama yake anaitwa nani. Utasikia mama wa fulani, au watu wa nyumbani, basi. Anayelitaja jina lenyewe, tena kwa sauti, ameivua nguo nyumba nzima. Hayo nayajua, ndiyo maana spika zangu zote hutazama upande wa wanawake.

Wiki mbili zilizopita nilipata harusi. Bibi harusi alikuwa wa kwetu, bwana harusi mtu wa Bidiya. Mchana wanaume wakaomba spika moja iwekwe kwenye sabla yao, ule ukumbi wa wageni wa kiume, wapate kuisikia kasida vizuri. Nikavuta waya. Kasida ikaisha, watu wakala, na mimi nilitakiwa kuuchomoa ule waya kabla wanawake hawajaanza. Kuchomoa waya, dada, ni kazi ya kupiga chafya mara moja. Nililetewa sinia la wali na mbuzi, nikala, nikasahau.

Vikaratasi vikaja. Nikasoma cha kwanza na cha pili. Cha tatu kilisema: Salamu nyingi zimfikie Zuweina, kutoka kwa Kijana wa Tabora, na wimbo ule ule. Nililisoma jina lile la Kijana kabla akili haijanifikia. Sauti ikanitetemeka kwa machozi. Nikairudia salamu yote tangu mwanzo, polepole, kama nilivyokuwa nikiisoma enzi zile. Kisha nikauweka wimbo.

Magharibi, tuliporudi nyumbani, Raya akaniletea maji akaniuliza, "Umeipata salamu yangu, Baba?"

Zuweina ni mwalimu mwenzake kule Bidiya na ni shoga yake. Alikuwa aolewe Jalan mfungo ukiisha. Raya alitaka kumfurahisha mwenzake, na alitaka kunirudishia mama yake kwa muda wa wimbo mmoja. Majina yale alilelewa nayo, nimemsimulia mimi mwenyewe tangu yuko mdogo. Nililia, nikamshukuru. Sote wawili hatukujua kuwa sabla nzima ilikuwa imesikia.

Jumamosi iliyopita, baada ya alasiri, alikuja kaka yake Zuweina. Anaitwa Salim, ana kambi ya watalii huko mchangani. Mtu mpole, nguo zake nyeupe hazina hata vumbi, na sauti yake huwezi kuisikia ukiwa umekaa mbali. Nikamkaribisha, nikamwekea tende, nikammiminia kahawa. Akakipokea kikombe, akakiweka chini mbele yake. Wewe uko mbali hujui. Huku mgeni akikiweka kikombe bila kukinywa, amekuja na haja, na hatakunywa mpaka aipate.

Akatoa kaseti mfukoni. Kumbe pale sabla kulikuwa na mtu anarekodi kasida, na chombo chake hakukizima. Akaniomba redio, kwa adabu kabisa. Nikakaa ndani ya nyumba yangu nikiisikiliza sauti yangu inamtaja dada yake, mara ya kwanza, na mara ya pili. Miaka yote nilikuwa najiona nina sauti nzuri. Siku ile niliichukia.

Tulizungumza Kiarabu, mimi nakuandikia kwa lugha yetu.

"Hapa sauti yako imetetemeka, ya ammi," akasema, akiniita ami yake kwa heshima. "Huyu mtu unamjua."

"Ni mchezo wa wanawake, mwanangu. Kule tulikokulia watu wakitumiana salamu hujipa majina ya uongo. Hakuna mtu hapo."

"Hakuna mtu, nawe umemlilia?"

Nikamsogezea tende. Kumwambia nimemlilia mke wangu ilikuwa ni kumweleza jina lile limetoka wapi, na nani mwingine analijua. Nyuma ya mlango wa jikoni Raya alikuwa amesimama. Nilikuwa nasikia bangili zake.

"Kuna mzee aliyezaliwa Unguja ametutafsiria," Salim akasema. "Amesema ni kijana, na ni wa Tabora. Mimi nina swali dogo tu. Kuanzia hapa mpaka Bidiya, watu wa Tabora ni wangapi?"

Nikakitazama kile kikombe. Kichwani nilikuwa na jambo moja, asimfikie Raya. Basi nikajibu haraka, kama mtu anayejibu dirishani kwa karani wa pasipoti.

"Wawili tu. Mimi, na mwana wa dada yangu, dereva wa basi la walimu."

Akakiinua kikombe, akakinywa chote. Akakitikisa kuonyesha kuwa ametosheka, akaniombea heri, akaondoka.

Nisome vizuri, dada. Sikulazimishwa wala sikutishwa. Nilimficha wangu nikamtoa wako. Tulipokuwa watoto mwalimu wa madrasa alikuwa akiniambia mdomo huponza kichwa, nami nikawa nacheka. Mdomo umekuwa wangu, kichwa ni cha mwanao.

Khalfan ndiye anayewabeba wale walimu kila siku, kwenda na kurudi, Raya na Zuweina wakiwemo. Unaona jinsi jambo linavyokaa mahali pake? Hata mimi, kama ningekuwa Salim, ningeliamini. Tangu Jumapili kuna gari jeupe kubwa, miongoni mwa yale ya kupitia mchangani, linalofuata basi lake. Halimsogelei. Akisimama linasimama. Jumatatu lilikuwa nje ya nyumba yake anapotoka kwenda kusali. Zuweina hajafika shuleni tena. Raya ameambiwa amepelekwa Ashkhara kwa mjomba wake, na posa ya Jalan imesimama. Jana nilikwenda Bidiya kuziba tairi. Kwenye duka la fundi kulikuwa na wanaume wanne wamekaa wanasikiliza kaseti, na sauti ilikuwa yangu. Waliponiona wakaizima, wakaniamkia vizuri sana, na hakuna aliyesema neno lingine mpaka nilipoondoka.

Khalfan nimemweleza yote. Unamjua mwanao, kila kitu kwake kicheko.

"Mjomba, mimi wale nawaona kwenye kioo tu, tena nusu," ananiambia. "Nikiomba ruhusa nikakaa nyumbani, si nitakuwa nimekiri?"

Nikamwambia aende Maskati kwa siku chache. Akasema atakwenda wikendi, akishapata mtu wa kumshikia basi. Akaniomba nimrekodie kaseti ya soul ya njiani. Nikamrekodia.

Raya naye alitaka kwenda kwa mama yake Zuweina tangu Jumamosi ile ile, amwambie ni yeye aliyeandika. Nikamkataza. Nikasema nani atamwamini msichana, watasema anamkingia binamu yake, na jina lake litaingia kwenye kaseti zile zile. Nikasema tungoje, jambo litapoa. Siku nne nimesema litapoa.

Sasa ombi langu. Lile debe la biskuti nililokuachia nilipohama, lenye kadi za Asha, naamini bado liko juu ya kabati lako. Zitafute zilizoandikwa Kijana wa Tabora mbele na jina lake nyuma. Niletee hata tatu. Nikizipata nitaziweka mbele ya Salim pamoja na yule mzee wa Unguja azisome, aone kwa macho yake kuwa Kijana wa Tabora alikuwa mke wangu, na kwamba amekufa. Karatasi ya zamani haisemi uongo. Najua zitachukua wiki tatu au nne kunifikia. Mpaka hapo nitamwomba Khalfan akae Maskati. Mungu akipenda tutafika.

Nasimamisha hapa, kuna lori limekuja kushusha mzigo.

Alasiri, nyumbani

Dada, naandika haraka, nisamehe mwandiko.

Saa sita na nusu simu ya ghala ililia. Ilikuwa ni Salim. Akaniuliza hali, akaniuliza magoti. Kisha akasema, "Nakushukuru, ya ammi. Usijisumbue tena na jambo letu. Mwenyewe tumempata." Nikamwita jina lake mara mbili, tatu. Alikuwa ameshakata.

Nilimpigia Khalfan nyumbani kwake, hakuna. Nikapiga shuleni, wakasema basi bado halijafika kuwachukua walimu. Raya amerudi saa tisa na mume wa mwalimu mwenzake mmoja. Njiani wameliona basi, limesimama pembeni mwa barabara, pale njia inapokata kwenda mchangani. Mlango uko wazi na ufunguo uko mahali pake. Amesema hakuna kioo kilichovunjika, hakuna damu, viatu vyake havipo, kwa hiyo ametoka amevivaa. Redio ilikuwa bado inaimba. Ilikuwa kaseti niliyomrekodia, Raya akaizima akaja nayo. Ameiweka hapa mezani mbele yangu.

Mtu ambaye hayupo wamempata, dada. Wamempata kwa sababu nilitaka mgeni anywe kahawa.

Kadi sizingoji tena. Wiki nne ni upumbavu wa mtu mwoga, na asubuhi nilikuwa nauandika kwa mwandiko mzuri. Raya ameshavaa buibui lake, amekaa mlangoni. Nimemwambia abaki. Amenijibu, "Baba, umeshawataja watu wote ila mimi." Tunakwenda Bidiya sasa hivi, nyumbani kwao, mimi kwa Salim, yeye kwa wanawake. Atasema ni yeye aliyeandika, ataandika tena mbele yao waulinganishe mwandiko na ule wa kikaratasi nilichokihifadhi, na mimi nitasema jina la mke wangu mbele ya wanaume, wote wasikie, ili wajue kuwa uzito wa jambo hilo naujua kama wao. Kama kuna aibu, iwe yangu. Jirani yangu nimemwachia maelezo yote. Isha ikipita hatujarudi, atakwenda polisi. Ningekwenda polisi kwanza, lakini nataka Salim aisikie kweli kutoka kinywani kwangu, kwenye mkeka, kabla hajaisikia kwa mtu mwenye magwanda. Pengine ndiyo itakayomfanya amrudishe. Pengine nimekosea tena. Naogopa, dada. Sijaogopa hivi tangu hospitali ya Nizwa.

Nisalimie shemeji, mwambie akuombee moyo wa subira. Nisalimie Mama Mdogo, na mtoto wake anayesoma ualimu. Mkwe wako, mke wa Khalfan, msalimie sana na uwabusu watoto wake wote watatu, lakini barua hii usimpe aisome. Kadi za Asha usizitume tena. Kaa nazo.

Sikuombi unisamehe leo. Niombee nifike kabla ya magharibi.

Ni mimi mdogo wako,
Rashidi

Barua naipitisha kwa msafiri tukiwa njiani kwenda, isije ikakosa kuondoka. Bahasha sijaifunga. Nimemwomba aiache wazi mpaka Ijumaa asubuhi. Nikirudi na Khalfan nitampeleka kwa msafiri huyo, aandike mwenyewe hapa chini kwa mkono wake, mwandiko wa mwanao unaujua. Nafasi nimemwachia.